Daiti ya Haraka au Mwendo wa Polepole? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kupunguza Uzito Mwingi

Haya ndiyo maswali tunayoulizwa tena na tena katika kliniki yetu ya lishe hapa Nairobi na watu wenye kilo 15, 25 au 40 za kupunguza. Si lazima uyasome yote kwa mkupuo mmoja. Tafuta lako, na pale jibu moja linapohitaji lingine tumekuonyesha namba yake. Kama unatumia dawa za kila siku, una mimba au unanyonyesha, anza na sehemu ya mwisho kabla ya kubadilisha chochote kwenye sahani yako.

## Mambo ya kwanza kujua

1. Daiti ya haraka ni ipi hasa?

Ni mpango wowote unaokata chakula ghafla hadi chini kabisa ya mahitaji ya mwili, mara nyingi chini ya kalori 800 au 1,000 kwa siku, ili kilo nyingi zishuke kwa muda mfupi. Watu wazima wengi hutumia kati ya kalori 1,800 na 2,800 kwa siku, kutegemea umbo, umri na kazi. Hapa mjini daiti hizi huja kwa sura nyingi: supu ya kabichi wiki nzima, mayai matatu na chungwa, ndizi na maziwa, maji ya ndimu mpaka jioni.

Utaitambua kwa mambo mawili. Ina tarehe ya kwisha, na haikuambii utakula nini kesho yake. Hilo la pili linatutia wasiwasi kuliko hata njaa yenyewe.

2. Wiki ya kwanza nilipungua kilo 4, ya pili sikupungua hata moja. Kulikoni?

Sehemu kubwa ya zile kilo 4 ilikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, inaitwa glaikojeni, kama nusu kilo hivi kwa mtu mzima. Kila gramu ya akiba hiyo hushikana na gramu 3 hivi za maji. Ukikata chakula ghafla, akiba hutumika kwa siku chache na maji yake hutoka kwa mkojo. Jumlisha chumvi iliyopungua na utumbo uliobaki mtupu, na mizani itashuka kwa kishindo. Ukila ugali wa kushiba Jumapili, maji yanarudi mahali pake. Hujanenepa kwa usiku mmoja, kama vile hukuwa umekonda kwa wiki moja.

Mafuta hayaendi kwa kasi hiyo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba takriban kalori 7,700. Mtu anayetumia kalori 2,300 kwa siku, hata asipoonja kitu, atahitaji zaidi ya siku tatu kuimaliza kilo hiyo moja. Anayekutangazia kilo 10 za mafuta kwa siku 7 anakuahidi kitu ambacho hesabu yake haipo.

3. Kilo ngapi kwa wiki ni mwendo mzuri?

Nusu kilo hadi kilo moja. Ukipunguza kalori 500 kwa siku, kwa wiki ni 3,500, yaani karibu nusu kilo ya mafuta. Mwenye kilo 130 atashuka haraka mwanzoni kuliko mwenye kilo 80, na hilo si tatizo. Kadiri mwili unavyopungua ndivyo unavyohitaji chakula kidogo zaidi, kwa hiyo kasi hupoa.

Kwa kilo 20, jipe miezi minane hadi mwaka, ukihesabu Krismasi, misiba, na zile wiki ambazo mtoto ni mgonjwa na hakuna anayefikiria sahani. Tunajua jibu hili huwavunja watu moyo. Tunalitoa hivyo hivyo, kwa sababu anayepanga wiki sita hukata tamaa wiki ya saba.

4. Nahitaji kupungua kweli, au ni maneno ya watu?

Kipimo cha kuanzia ni BMI: gawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene unaohatarisha afya. Kisha pima kiuno kwa utepe wa fundi, usawa wa juu kidogo ya kitovu. Hatari ya moyo na kisukari huanza kupanda mwanamke akivuka sentimita 80 na mwanamume akivuka 94. Kiuno husema mengi kuliko mizani, maana mafuta yaliyozunguka ini na utumbo ndiyo mabaya zaidi.

Kama umo humo hauko peke yako. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta asilimia 27 ya Wakenya watu wazima wana uzito uliozidi au unene: wanawake asilimia 38.5, wanaume 17.5.

Tena huhitaji kufika uzito uliokuwa nao ukimaliza shule. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu waliokaribia kupata kisukari walilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Kwa mwenye kilo 100, hizo ni kilo 7 tu.

## Kwa nini uzito hurudi

5. Kila nikipungua, uzito unarudi na nyongeza. Ni udhaifu wangu?

Hapana, na tungependa ulisikie hili kabla ya jingine lolote.

Mwaka 1944 huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wenye afya na nidhamu, waliojitolea wenyewe, akawapa takriban kalori 1,570 kwa siku kwa wiki 24. Angalia hiyo namba: ni kubwa kuliko ya daiti nyingi zinazosambazwa kwa simu. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Wakawa wanaona baridi, wamenuna, hawana hamu ya chochote isipokuwa chakula. Baadhi walianza kukusanya vitabu vya mapishi. Waliporuhusiwa kula walikula kupita kiasi kwa wiki nyingi, na mafuta yakarudi mwilini kwa wingi kuliko mwanzo. Hao hawakuwa walafi. Ilikuwa miili iliyopitia njaa.

Tafiti za baadaye zimeonyesha kinachoendelea ndani. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, waliwafuatilia watu 50 waliokula daiti kali kwa wiki 10. Mwaka mzima baadaye, homoni zinazoleta njaa zilikuwa bado juu na zile za shibe bado chini. Na mwaka 2016 ilichapishwa taarifa ya washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito huko Marekani. Miaka sita baada ya shindano, uzito mwingi ulikuwa umerudi, lakini miili yao bado ilikuwa inatumia kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao.

Kwa hiyo ukimaliza siku zako 14 za supu, unarudi kwenye sahani ile ile ukiwa na njaa kubwa zaidi na matumizi madogo zaidi. Misuli uliyopoteza nayo hairudi kwa urahisi kwa kula tu. Bila mazoezi yanarudi zaidi mafuta.

6. Basi kupungua haraka ni kubaya siku zote?

Si kweli, na wataalamu wengi hapa wanasema vibaya. Utafiti wa Melbourne wa mwaka 2014 uligawa watu wapatao 200 wenye unene: kundi moja lilipungua kwa wiki 12, lingine kwa wiki 36. Wa haraka walifikia lengo wengi zaidi. Miaka mitatu baadaye, makundi yote mawili yalikuwa yamerudisha karibu asilimia 71 ya uzito uliopotea. Upole wa mwendo haukuwalinda wale wengine.

Kuna pia utafiti wa Uingereza uitwao DiRECT, wa mwaka 2017. Watu wenye kisukari cha aina ya pili walipewa vinywaji maalumu vya lishe, kalori 825 hadi 853 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 walikuwa hawana tena kisukari na hawatumii dawa zake. Baada ya miaka miwili, 36.

Lakini tazama walichofanyiwa. Dawa za sukari na presha zilisimamishwa na daktari siku ya kwanza. Vinywaji vilikuwa na protini, vitamini na madini yote. Chakula cha kawaida kilirudishwa hatua kwa hatua kwa wiki kadhaa, na baada ya hapo walionana na wahudumu kila mwezi. Wenye siku 14 za kabichi hawana hata moja kati ya hayo.

Msimamo wetu basi ni huu: swali la kwanza usiulize utashuka kwa kasi gani, uliza utakula nini ukifika mwezi wa kumi wa mpango wako. Daiti kali chini ya daktari, yenye mpango wa baadaye, ni matibabu. Daiti kali ya peke yako, isiyo na baadaye, ni kilo za kukopa. Na kwa kuwa wengi wetu hatuna wa kutupima kila mwezi, mwendo wa polepole una faida moja kubwa: unajifunza kula kwa kudumu wakati ule ule unapopungua.

7. Nimefanya daiti nyingi tangu chuo. Nimeuharibu mwili wangu kabisa?

Hujauharibu. Mwili wako unatumia nishati kidogo kuliko ungetumia, ndiyo, lakini bado unatii hesabu ile ile. Unachohitaji zaidi ni kujenga misuli (swali la 15), protini ya kutosha, na muda. Watu wenye historia kama yako tunawaanzisha bila kupunguza chochote: wiki mbili tatu za kula milo mitatu kwa wakati wake. Wengi hushangaa kwamba ule ulaji wa saa nne usiku unapungua wenyewe.

## Njia zinazovuma mjini

8. Chai za kupunguza tumbo na vidonge vya mtandaoni vinafanya kazi?

Chai nyingi hizo zina majani ya sana, ambayo ni dawa ya kuharisha. Unapoteza maji na choo, mafuta yako palepale. Ukizitumia kwa muda mrefu, utumbo huzoea na potasiamu ya damu hushuka, jambo linaloweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Vidonge na kahawa za kukondesha ni hatari zaidi. Katika nchi nyingi wakaguzi wamekuta ndani yake sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ilihusishwa na mshtuko wa moyo na kiharusi. Haikuandikwa kwenye pakiti. Muuzaji anayekuletea kwa bodaboda hawezi kukuambia kilichomo kwa sababu naye hajui. Kama tayari unameza na moyo unakudunda au hulali, acha leo, na ubebe pakiti uende nayo kwa daktari.

9. Vipi kufunga kula, yaani kula ndani ya muda wa saa nane tu kwa siku?

Ni njia halali ya kupunguza chakula, haina muujiza. Utafiti wa mwaka mmoja uliofanywa China na kuchapishwa mwaka 2022 ulilinganisha watu 139 wanaokula kalori pungufu: wengine kwa saa nane, wengine wakati wowote. Walipungua karibu sawa. Kama unatoka nyumbani alfajiri na hupendi kula asubuhi, itakufaa. Kama ikifika saa sita mchana unakula chakula cha watu wawili, haikufai.

Kuna wanaotutajia yule Mskoti, Angus Barbieri, aliyekaa siku 382 bila chakula mwaka 1965 hadi 1966 akashuka kutoka kilo 207 hadi 82. Ni kweli. Alikuwa chini ya madaktari wa Dundee, akipewa vitamini na madini na kupimwa damu. Miaka hiyo hiyo wagonjwa wengine waliofungishwa hospitalini walikufa. Usijaribu.

10. Na keto, ile daiti ya kuacha karibu wanga wote na kula zaidi mafuta na protini?

Wanaokula hivyo hupungua, hasa miezi ya kwanza, kwa sababu wameacha vyakula vingi na protini inashibisha. Shida ya hapa ni ya nyumbani: unamwachia nani ugali, githeri, mukimo, viazi, ndengu? Ukiwa na sufuria moja na watoto watatu, unapikia jikoni mbili, na nyama ya kila siku ina bei yake. Mwenye kisukari anayetumia insulini au dawa za presha asianze bila kusoma swali la 17.

11. Sindano za kupunguza uzito je?

Semaglutidi na ndugu zake ni dawa za kweli. Katika utafiti wa mwaka 2021 watumiaji walipungua kwa wastani asilimia 14.9 ya uzito wao kwa wiki 68. Walioacha walirudisha theluthi mbili ya walichopoteza ndani ya mwaka mmoja. Maana yake ni dawa ya muda mrefu, kama ya presha, na gharama yake uihesabu hivyo. Nunua kwa cheti cha daktari, duka la dawa lililosajiliwa, dawa iliyokaa kwenye baridi. Sindano iliyochanganywa saluni hatuna jina la upole la kuiita: ni hatari.

## Sahani ya Nairobi

12. Lazima niache ugali na chapati?

Hapana. Anayeacha ugali kwa mwezi huwa anaurudia kwa hasira mwezi unaofuata. Kinachonenepesha ni kiasi, na kiasi cha ugali ni vigumu kukiona ukishasongwa. Kwa hiyo pima unga. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kama kalori 360. Kikombe kimoja cha unga kwa watu wawili kinatosha, ukiongezwa mboga nyingi. Familia nyingi tunazozungumza nazo hutumia mara mbili ya hapo bila kujua.

Chapati ina hesabu nyingine. Iliyotengenezwa kwa gramu 80 za unga na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta hukaribia kalori 400. Mbili zenye ndengu ni chakula cha mchana kamili. Tatu pamoja na chai ya maziwa yenye sukari ni nusu ya siku.

Sahani tunayofundisha: nusu mboga za majani (sukuma, managu, terere, kunde, mrenda, kabichi), robo protini (maharagwe, ndengu, omena, mayai, kuku, nyama isiyo na mafuta), robo ugali, wali, viazi au chapati. Mboga itangulie kupakuliwa. Ukianza na ugali, nafasi ya mboga hubaki ya kijiko kimoja pembeni.

13. Napika kawaida tu, sili vya kukaanga. Mbona sipungui?

Tuingie jikoni. Sufuria iko kwenye moto, kitunguu kimekatwa, mkono unainamisha chupa ya mafuta na kuhesabu kwa macho: mzunguko mmoja, na kidogo tena kwa sababu kitunguu kinashika. Siku za mafunzo huwa tunawaomba watu wamimine kwanza kwenye kijiko kikubwa kabla ya sufuria. Vinatoka vijiko vinne, vitano, hata sita. Kila kijiko ni kalori 120. Vijiko sita kwenye sukuma ya watu watatu ni kalori 240 kwa kila mmoja, ambazo hakuna aliyezionja wala kushiba nazo. Ukifanya hivyo mchana na jioni, umekwisha kufikia karibu zile kalori 500 za swali la 3.

Weka kijiko kando ya chupa. Kijiko kimoja na nusu kwa sufuria ya familia, nyanya mapema ili kitunguu kisishike, na kifuniko mboga iive kwa maji yake. Katika mabadiliko yote tunayoshauri, hili ndilo tunalolipenda kuliko yote: halimnyimi mtu chakula na linapunguza gharama.

Baada ya mafuta angalia vikombe. Vikombe vitatu vya chai, kila kimoja na vijiko vidogo vitatu vya sukari, ni karibu kalori 150 kwa siku. Soda ya kola ya nusu lita peke yake ina zaidi ya gramu 50 za sukari.

14. Nakula kibandani kila mchana, na wikendi kuna chama, ruracio (sherehe ya mahari) na nyama choma. Nitafanyaje?

Kibanda ni rafiki kuliko duka la chipsi. Mwambie mama, "Nipunguzie ugali, niongezee mboga," naye atakuongezea bila kulalamika. Maharagwe na sukuma, githeri yenye mboga, samaki wa mchuzi: vyote vinafaa. Kinachokuumiza ni smoki ya stejini, mandazi ya saa nne na viazi karai vya kungojea matatu.

Sherehe usizikimbie. Ukijificha miezi sita utachoka na watu watakuchoka. Kula kabla hujatoka, jaza kachumbari, chagua kitu kimoja unachokipenda kweli, pilau au nyama au keki, na ukile kwa raha. Bia ya nusu lita ina takriban kalori 200, na baada ya tatu hakuna anayehesabu vipande vya mutura (soseji ya utumbo). Jumatatu rudi kwenye sahani yako ya kawaida. Usifunge kula kulipia Jumamosi, maana hapo ndipo ule mzunguko wa swali la 5 unapoanza.

## Mazoezi, na mizani iliyokwama

15. Jimu ni lazima?

Si lazima. Kupungua kunatokana zaidi na chakula. Mazoezi ndiyo yanayosaidia uzito usirudi. Tangu mwaka 1994 kuna daftari la kitaifa huko Marekani la watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka mmoja au zaidi. Wengi wao husema wanafanya mazoezi karibu saa moja kwa siku, hasa kutembea, na wanajipima angalau mara moja kwa wiki.

Kutembea Nairobi kuna vikwazo vyake: vumbi, magari, na giza linaloingia mapema kwa mwanamke aliye peke yake. Arboretum na msitu wa Karura ni pazuri kwa anayeweza kufika na kulipa kiingilio. Wengine washuke steji mbili kabla, watembee na wenzao wa ploti, au watumie ngazi za jengo. Wanaotembea kutoka Mukuru hadi Industrial Area na kurudi tayari wana zoezi lao. Hao tunawaambia washughulikie sahani tu.

Ongeza mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki: kuchuchumaa na kuinuka kwenye kiti, kujiinua kwa mikono ukutani, kubeba mitungi ya maji. Hayo ndiyo yanayouambia mwili ubakize misuli na uchome mafuta.

16. Nilishuka kilo 9, sasa wiki tano mizani haisogei.

Kwanza rudia hesabu ya mafuta na vipimo vya unga. Huwa vinarudi vyenyewe. Pili pima kiuno, maana wakati mwingine kiuno kinaendelea kupungua. Tatu, ukubali kwamba mwili mdogo unahitaji chakula kidogo zaidi. Unaweza kupunguza kidogo tena, au ukakaa hapo ulipo miezi miwili kwa makusudi. Kukaa bila kurudi juu ni mafanikio, na hatusemi hivi ili kukufariji.

## Hali za pekee

17. Nina kisukari au presha na nameza dawa kila siku.

Onana na daktari kabla ya kupunguza chakula. Insulini, glibenklamidi na gliklazidi zinaweza kushusha sukari hadi ukazimia kama kipimo kimebaki kile kile na chakula kimepungua. Dawa za presha, hasa zile za kukojoza, pamoja na daiti kali, huleta kizunguzungu na kuanguka. Mara nyingi kipimo kitapunguzwa, na hiyo ni habari njema. Usikipunguze mwenyewe.

18. Naweza kuwa nanenepa kwa sababu ya dawa?

Ndiyo. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huongeza uzito kwa baadhi ya wanawake. ARV zenye dolutegraviri, zinazotumiwa na wengi hapa Kenya, pia zimehusishwa na kuongezeka uzito, zaidi kwa wanawake. Vilevile baadhi ya dawa za afya ya akili na steroidi. Usiache dawa, hasa ARV, hata siku moja kwa ajili ya kilo. Mwambie anayekuandikia, kwa baadhi kuna mbadala, na kwa zilizobaki tunapanga chakula kuzizunguka.

19. Nimejifungua miezi miwili iliyopita na nanyonyesha.

Daiti ya haraka hapana. Kunyonyesha kunadai chakula zaidi. Kula sahani ya swali la 12, kunywa uji usio na sukari nyingi, tembea na mtoto, na uache kilo zishuke kama nusu kwa wiki zikitaka. Mwenye mimba asijaribu kupungua bila daktari.

20. Harusi yangu ni wiki sita zijazo. Niambieni tu la haraka.

Kilo 3 hadi 6 zinawezekana kwa njia za ukurasa huu. Kata soda, pombe na chumvi nyingi, na tumbo litapungua uvimbe ndani ya wiki mbili. Gauni mpe fundi alipime wiki ya mwisho. Ukijinyima zaidi ya hapo utafika siku yako ukiwa na hasira na kizunguzungu, na picha hazifichi hilo.

21. Nywele zinakatika, hedhi imesimama, naumwa ubavuni. Ni kawaida?

Nywele hukatika miezi miwili hadi minne baada ya kupungua ghafla na kwa kawaida huota tena ukila protini na madini ya chuma ya kutosha. Hedhi ikisimama, mwili unasema chakula hakitoshi: ongeza, na pima mimba. Maumivu ya juu kulia ya tumbo, hasa baada ya mlo wenye mafuta, yanaweza kuwa mawe ya nyongo, ambayo huongezeka kwa wanaopungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki. Hilo ni la hospitali. Kuzimia, moyo kwenda mbio bila sababu au maumivu ya kifua ni la hospitali leo.

Na kama unakula kwa kujificha hadi unaumwa, kisha unajitapisha au unameza dawa za kuharisha, acha kabisa mambo ya kupunguza uzito kwa sasa na umwambie mhudumu wa afya unayemwamini. Huo ni ugonjwa unaotibika.

22. Nitamjuaje mtaalamu wa kweli?

Hapa Kenya wataalamu wa lishe husajiliwa na taasisi iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2007, inayojulikana kwa kifupi KNDI. Omba namba ya usajili. Aliye nayo haoni vibaya kuulizwa. Anayekuuzia unga au chai yake mwenyewe kabla hajakuuliza unaumwa nini, mshukuru uondoke.

23. Mama yangu ana miaka 71, yuko ushago, na amepungua sana bila kujaribu. Majirani wanampongeza.

Huyo asipongezwe, apelekwe hospitali. Kupungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi sita hadi mwaka bila kukusudia ni dalili, si afya. Apimwe sukari, kifua kikuu, figo na dundumio (tezi ya shingoni), akaguliwe meno na uvimbe popote ulipo, na aulizwe kwa faragha kama anapata chakula na kama ana hamu nacho. Kama bado ni mnene na daktari mwenyewe amemwambia apungue magoti yapone, apungue polepole sana, protini kila mlo, na mazoezi ya kuinuka kwenye kiti bila kushika, kwa sababu katika umri huo misuli ikiondoka, kuanguka hufuata. Siku ya kwenda, beba dawa zake zote kwenye mfuko, hata za kienyeji.